Kipengele cha Tisa

Mabango ya maandamano yale niliyaandika mimi. Nianze na hilo, mtu asije akadhani nilikaa pembeni nikiwatazama wengine.

Mganga mfawidhi aliniletea kadi ngumu arobaini, makopo mawili ya rangi na kikaratasi: "Mama Faili, tusaidie. Mwandiko wako unasomeka." Hospitali nzima wananiita Mama Faili. Natunza kumbukumbu za wagonjwa, na nina kalamu nyekundu. Fomu isiyojazwa sawasawa siipokei. Daktari akiandika "mgonjwa ametoka mbali", naizungushia nyekundu, naandika pembeni "Mbali wapi?", namrudishia. Wameninunia miaka kumi na minne sasa, lakini hakuna faili lililopotea mikononi mwangu, wala maiti iliyochukuliwa na ndugu wasio wake.

Wiki ile nchi nzima ilikuwa imechemka. Jirani yetu wa mashariki alikuwa amevusha askari wake mto, wakaingia kwetu kilomita nne, wakakaa siku mbili wakitafuta watu waliowaita waasi, kisha wakarudi kwao. Walisema walikuwa wanajilinda. Redio yetu ilisema ni uvamizi. Na mimi nilisema ni uvamizi, tena kwa sauti, kwenye chumba cha chai, mpaka muuguzi mmoja akaniambia nipunguze, wagonjwa wanasikia.

"Na wasikie!" nikamjibu. "Na wao wana nchi."

Nyumbani ilikuwa hivyohivyo. Mume wangu anafundisha jiografia, na mtaa mzima, mimi nikiwemo, tunamwita Mwalimu. Alitandaza ramani juu ya meza ya chakula, akachomoa uzi mwekundu kwenye kikapu changu cha kushonea, akapima zile kilomita nne kutoka mtoni. Uzi haukuzidi ukucha.

"Kadogo hivyo?" nikamwambia.

"Si udogo, mama watoto. Ni dharau. Leo wamekuja ukucha, kesho watakuja mkono mzima. Mtu akiingia sebuleni kwako bila hodi, utaanza kumpimia hatua alizopiga?"

Niliona ana haki. Niliandika "JIRANI RUDI KWAKO", nikaandika "ARDHI YETU HAIGUSWI", na moja nikaitunga mwenyewe nikiwa naosha vyombo: "MPAKA SI UCHOCHORO". Hiyo iliwakaa watu vichwani. Siku ya maandamano ilibebwa mbele kabisa, ikapigwa picha, na jioni yake waziri akaitamka redioni kama vile aliiota yeye. Sitadanganya, nilifurahi. Binti yangu alinitania akasema nidai kiti bungeni.

Siku hiyohiyo ya maandamano, saa saba mchana, nilirudi dirishani kwangu viatu mkononi, miguu inawaka moto. Sijakaa vizuri, gari la jeshi likasimama mlangoni. Askari wawili walishuka wamemshika mwenzao makwapani. Nilimtambua kwa masikio kabla ya uso, maana masikio amechukua ya babu yake. Alikuwa mwanangu.

Ndiye mtoto wangu wa kwanza. Ana miaka ishirini na miwili, na huu ni mwaka wake wa pili jeshini. Dada yake humwita Afande kwa kumkejeli. Wiki saba kabla ya hapo alikuwa amenipigia simu: "Mama, tunakwenda mazoezini, simu zinakusanywa, usihangaike." Nikamwambia ale vizuri na abadilishe soksi. Sikuuliza zaidi.

Sasa alikuwa mbele yangu, mashavu yamebonyea, jasho linamtiririka. Nilitaka kutoka nje nimkumbatie. Badala yake nilivuta fomu ya kulaza, kwa sababu bila fomu hapati kitanda, na mikono yangu ilihitaji kitu cha kufanya. Jina, umri, kundi la damu yake, yote nayajua. Nikafika kipengele cha tisa. Kinasema: *Mahali mgonjwa alipokuwa katika siku sitini zilizopita. Taja wilaya, na nchi kama ni nje.*

"Ulikuwa wapi?" nikamuuliza.

Askari mmoja akawahi. "Kambini, mama."

"Nimemuuliza yeye."

Mwanangu aliangalia sakafu. "Kambini," akasema.

Nikaandika "Kambini". Neno moja tu. Angekuwa mtoto wa mtu mwingine ningeuliza kambi gani, wilaya gani, tangu tarehe ngapi. Lakini nilikuwa nimeona alivyoangalia sakafu. Nikapiga mhuri upesi, nikaita kiti cha magurudumu.

Siku nne zilipita bila nafuu. Kipimo cha haraka cha malaria kilisema hana. Wakampa dawa ya malaria hata hivyo. Wakatafuta homa ya matumbo, wakatafuta kifua kikuu, hakuna. Homa ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Nyuma ya shingo alikuwa na uvimbe mweusi, mgumu, kama jipu lililosahau kuiva. Na alilala. Alilala mchana kweupe, kijiko kikiwa mdomoni, uji ukimtiririkia kidevuni. Usiku, manesi walisema, ndipo alipoamka na kuzunguka wodini akihesabu vitanda.

Daktari wake alikuwa binti wa juzijuzi tu kutoka chuo, mchapakazi, anakula mihogo ya kuchemsha akiwa amesimama. Alinijia dirishani akaegemea.

"Mama Faili, nimeishiwa. Kila kilicho na kipimo humu ndani nimekipima."

"Pima tena."

"Nipime nini? Nipe jina la kitu, nitakipima."

Sikuwa na jina la kitu. Nilikwenda nyumbani, nikamchukulia shuka safi, kwa kuwa ya hospitali inakwaruza. Nikatandika. Alikuwa macho kidogo. Alipoiona ile shuka alijikunja ukutani kama mtoto aliyeona nyoka.

"Toa bluu, Mama! Toa, inawaita!"

"Inawaita nani, baba?"

"Wale. Wanauma juu ya nguo. Sajini alitukataza bluu. Bluu na nyeusi." Akapepea mkono mbele ya uso wake, mahali ambapo hapakuwa na kitu, kisha usingizi ukambeba katikati ya maneno.

Nikaikunja ile shuka, nikaiweka kwapani, nikaenda nayo maabara.

Maabara yetu ina mzee mmoja ambaye amebakisha miezi mitatu astaafu. Tunamwita Mzee Darubini. Vile vipimo vya haraka vya kadi havitaki, anasema mtu akitaka bahati nasibu aende dukani. Kama si kuelemewa na kazi, kila tone la damu angeliangalia kwa jicho lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Faili. Umenirudishia fomu gani leo?"

"Leo nina swali. Mdudu gani anaifuata rangi ya bluu?"

Akaweka chini kioo alichokuwa anakifuta. "Anauma?"

"Anauma juu ya nguo."

"Mbung'o," akasema bila kufikiri. "Bluu na nyeusi ndizo zake. Zamani tulikuwa tunatundika vitambaa vya bluu porini kumtega. Nilitembea na vitambaa hivyo mpaka mke wangu akadhani nimefungua duka. Lakini huyo hayupo hapa nchini, tulimmaliza. Si unaona?"

Akanyoosha kidole ukutani. Kulikuwa na cheti ndani ya fremu ya kioo, nimepita mbele yake mara elfu bila kukisoma. Kinasema nchi yetu haina tena malale, ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o, na kina mihuri mitatu. Kina miaka kumi na tisa.

"Sherehe yake nilikuwepo," akasema. "Walitupa kofia. Yangu ninayo bado. Kwa nini unauliza?"

"Mwanangu."

"Alikuwa wapi?"

"Kambini."

Mzee Darubini akaishusha miwani, akanitazama kwa juu yake. Hakuwa na kejeli yoyote usoni. "Kambini wapi, Mama Faili?"

Lilikuwa swali langu. Nimewauliza watu swali hilo miaka kumi na minne, na ndiyo kwanza nikajua linavyochoma mtu akiulizwa.

Nilikwenda wodini moja kwa moja. Ilikuwa saa ya kutazama wagonjwa. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda na redio ndogo mapajani, anamsimulia mtoto habari za mpakani. Waziri alikuwa anasema nchi yoyote inayovuka mpaka wa mwenzake imejivua utu. Mwanangu alikuwa ameamka. Alimsikiliza waziri huku ametulia, kama mtu anayesikiliza mvua.

Nikavuta pazia. Nikavuta na kigoda.

"Ulikuwa wapi?"

"Mama..."

"Sikuulizi kama mama. Nakuuliza kama kipengele cha tisa."

"Niliapa, Mama."

"Na mimi nilikuzaa kabla hujaapa. Una mdudu kwenye damu na daktari hajui amtafute nani. Sema."

Akamtazama baba yake kwanza, kisha dari. "Kusini."

"Kusini kwetu au kusini kwao?"

"Kwao. Tuliupita msitu kwa miguu. Tukakaa wiki tano."

Mwalimu akazima redio. Kile kidude kina kitufe kigumu, na kwa mara ya kwanza kilizimika bila kugoma.

"Kilomita ngapi?" akauliza. Lilikuwa swali la mwalimu wa jiografia. Nadhani lilimtoka tu.

"Sitini, Baba. Sitini na kitu."

 Kwenye kitanda cha jirani mtu alikuwa anamenya chungwa, harufu ikatufikia.

"Hiyo ni tofauti," Mwalimu akasema hatimaye. "Kule kuna waasi. Wanatuvizia. Sisi tulikuwa tunajilinda."

"Neno hilohilo wamelisema wa mashariki," nikamwambia. "Ulicheka mpaka chai ikakupalia."

"Mama watoto, usichanganye mambo."

"Nachanganya nini? Wao ukucha, sisi je? Utapima na uzi gani?"

 Mwanangu ndiye aliyeongea, polepole, kama anayetafuta maneno chini ya godoro.

"Kuna kijiji tulipita asubuhi. Watu wote wamekimbia, kabaki mama mmoja wa umri wako. Alitoka na ufagio. Hakututukana, hakulia. Akaanza kufagia njia nyuma yetu. Tunapita, anafagia nyayo zetu. Sajini akamwambia aache. Hata hakugeuka. Akafagia mpaka tulipoishia." Akafumba macho. "Nilitamani nimwambie shikamoo. Ningemwambiaje na bunduki begani?"

Mwalimu aliiweka redio chini ya kitanda. Alimshika mtoto mguu juu ya blanketi, akakaa hivyo mpaka kengele ya kutoka ikalia.

Mzee Darubini hakungoja fomu. Alichukua tone la damu kidoleni, akalipaka kwenye kioo, akainama. Alikaa muda mrefu. Halafu akaniachia nafasi niangalie. Niliona chembe za damu zimetulia kama sahani za chai, na katikati yake vijiuzi vidogo vinajipinda, vinazisukumasukuma sahani kutafuta njia.

"Ndiyo hao," akasema. "Miaka kumi na tisa sijawaona." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekutana na adui wa zamani akakuta hajazeeka.

Daktari alifurahi kwa nusu dakika, maana hatimaye alikuwa na jina la kitu. Kisha akashika kichwa. Malale iko aina mbili, alinieleza. Kwenye darubini zinafanana, huwezi kuzitenganisha kwa jicho. Moja iko upande wa kusini, nyingine upande wa magharibi, na dawa zake ni mbalimbali. Dawa zote mbili ziko ghala kuu peke yake, na ghala haitoi bila fomu inayosema mgonjwa aliumwa wapi.

"Tuna muda gani?" nikamuuliza.

"Homa tu ingekuwa afadhali. Huu usingizi siupendi. Siku tatu, nne. Vijidudu vikishaingia vizuri kwenye ubongo, mama, ni habari nyingine."

Nikaijaza ile fomu kwa mkono wangu. Nikaenda nayo kwa mfawidhi, daktari nyuma yangu, kwa kuwa bila mhuri wa mfawidhi ni karatasi ya kufungia vitumbua.

Mfawidhi hakuwa peke yake. Kwenye kiti cha wageni alikaa kapteni wa jeshi, sare imenyooka, kitambaa mkononi anafuta jasho ingawa feni ilikuwa inamtazama yeye. Alikuwa amekuja kumwona askari wake, alisema. Nyuma ya mlango, limeegemezwa ukutani, lilikuwepo bango langu. MPAKA SI UCHOCHORO. Rangi haikuwa imepauka hata kidogo.

Mfawidhi alisoma fomu mpaka kipengele cha tisa, akaisukuma kama sahani yenye nzi.

"Mama Faili, hii siwezi kuipigia mhuri."

"Kuna kilichokosewa?"

Kapteni akaivuta, akasoma. "Hakuna askari wetu aliyevuka mpaka wowote," akasema. Hakusema kwa ukali. Aliisema kama mtu anayesema jina lake.

"Sawa," nikasema. "Basi mbung'o wako kambini kwenu. Kambi ifungwe, ipigwe dawa, na kile cheti cha maabara kishushwe ukutani."

"Cheti hakishuki!" Mfawidhi akashtuka. "Cheti kile kina mihuri mitatu!"

"Basi chagueni. Ama mwanangu alimfuata mbung'o, ama mbung'o alimfuata mwanangu."

Kapteni akaomba radhi, akatoka na simu yake. Tulimwona dirishani anatembea chini ya jua, anaitikia ndiyo, ndiyo mkuu, ndiyo. Aliporudi alisimama wima.

"Nimepata maelekezo. Iandikwe kwamba mbung'o wa nchi jirani wamevuka mpaka, wakamuuma askari wetu akiwa kazini ndani ya ardhi yetu."

Daktari, maskini, alicheka. Alijaribu kuigeuza iwe kikohozi, ikashindikana.

Mfawidhi yeye alikuwa anawaza kwa dhati. "Kitaalamu inawezekana?"

"Kilomita sitini, mkuu?" nikasema. "Mdudu mwenyewe hana hata mfuko wa kubebea maji. Halafu jirani yupi?"

"Jirani," kapteni akasema. "Ghala wataelewa."

"Ghala hawataelewa. Anayepokea fomu pale ni mwanamke niliyesoma naye diploma, na kwa kalamu nyekundu ananipita. Ukimwandikia 'jirani' atauliza jirani yupi, fomu itarudi Ijumaa. Mwanangu hana Ijumaa."

Daktari akawaeleza kwa utulivu habari ya aina mbili na dawa mbili. Ukikosea upande, alisema, unampa mgonjwa sumu ya bure na mdudu anabaki.

Kapteni alinitazama, halafu akalitazama bango. "Mama, wewe ni mzalendo. Nimeambiwa mwandiko ule ni wako."

"Ni wangu. Na hayo maneno ni yangu. Niliyatunga nikiosha vyombo, na mwanangu wakati huo alikuwa uchochoroni mwa watu na bunduki. Sikujua, lakini sikuuliza pia. Sasa nimeuliza, nimejibiwa, na siwezi kujifanya sikusikia. Nipigie mhuri, mkuu."

Mfawidhi alishika mhuri, akauachia, akaushika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mihuri mingi juu yake.

Ndipo kapteni akamgeukia daktari. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ule uvimbe wa shingoni kwake huanzaje?"

"Kama jipu, lakini halina usaha. Pale mdudu alipouma."

"Baada ya siku ngapi?"

"Wiki, wiki mbili. Halafu homa inayokuja na kwenda. Kichwa. Jasho."

Kapteni alitazama kitambaa alichokuwa ameshika, kimelowa. Akafungua mkanda wa saa yake, taratibu, akaivua, akauweka mkono mezani kiganja kikiwa chini. Mahali pa saa palikuwa na uvimbe mweusi, mgumu, ukubwa wa kitufe cha koti.  Feni iligeuka kulia, ikageuka kushoto.

"Tulikuwa themanini na sita," akasema.

Nilikuwa nimeshafungua kalamu. "Wilaya gani?"

Akanitajia wilaya. Akanitajia na jina la mto, na vijiji viwili, na herufi zake moja moja ili nisikosee. Alikuwa anapajua kama mtu anavyojua mtaa wake. Mfawidhi alipiga mhuri huku akitazama dirishani. Kisha nikalichukua faili la mwanangu, nikalikata lile "Kambini" kwa mstari mmoja mwekundu, nikaandika mahali halisi juu yake, nikatia saini na tarehe. Hivyo ndivyo tunavyosahihisha kosa katika kazi yetu. Hatufuti. Tunakata mstari mmoja, ili atakayekuja asome na kosa lenyewe, na ajue ni la nani.

Dawa ilifika kesho yake kabla ya chakula cha mchana, kwa gari la jeshi, ndani ya sanduku la barafu. Siku ya sita mwanangu aliniomba nimletee maharage, nikajua amerudi. Siku ya nane alimwambia dada yake kwamba amekonda, akajibiwa akajitazame kwenye kioo kwanza.

Wale wengine walikuja kumi kumi, wamevaa nguo za kiraia, wanajaribu kutembea kama makarani. Walikuwa na karatasi zilizoandikwa "ajali ya mazoezi". Sikubishana na karatasi zao. Nilivuta fomu zangu, nikafika kipengele cha tisa, nikaweka kalamu chini na kungoja. Wa kwanza alitazama sakafu. Nikamwambia, "Mwanangu, hapo chini hakuna kitu, nimepafagia mwenyewe. Ulikuwa wapi?" Akasema. Wote walisema. Themanini na watano walifunguliwa mafaili, kapteni wao akiwemo. Wa themanini na sita alikuwa ameshazikwa kwao wiki iliyotangulia, kwa kile kilichoitwa homa ya ghafla. Nilimfungulia la kwake pia. Kipengele cha tisa nilimjazia mimi, nikaambatanisha maelezo ya nani aliniambia.

Nikadhani mambo yameishia hapo. Jumatatu redio ikatangaza kwamba wadudu hatari kutoka nchi ya kusini wameivamia ardhi yetu, kwamba jirani huyo ameshindwa kuwadhibiti, na kwamba wananchi wote wenye uchungu na nchi yao watoke Jumatano kulaani. Saa tatu asubuhi nilikuta juu ya meza yangu kadi ngumu arobaini, makopo mawili ya rangi na kikaratasi: "Mama Faili, tusaidie tena. Kama ile ya uchochoro."

Niliichukua kadi ya juu. Nikaizungushia nyekundu ilivyo, tupu, nikaandika pembeni: "Mpaka upi? Nani alivuka? Kilomita ngapi? Ijazwe, irudishwe." Nikamtuma mtu azipeleke.

Mfawidhi alikuja mwenyewe dirishani, kadi zote kifuani.

"Mama Faili, unanitia matatani."

"Fomu haijajaa, mkuu."

"Hii si fomu. Ni bango."

"Nimeona. Lakini mwandiko ni uleule, na mimi ni yuleyule."

Watu wa foleni walikuwa wanamsikiliza. "Utaandikiwa barua ya kujieleza," akasema, bila hasira, kama anayenionya kuhusu mvua.

"Ije. Nitaijaza yote."

Mabango yaliandikwa na mtu wa jikoni, herufi zinapanda na kushuka kama ngazi. Barua nayo ilikuja, nikaijibu vipengele vyote vinane na kuirudisha siku hiyohiyo. Hadi leo sijasikia kitu.

Jumatano mwanangu alikuwa nyumbani, ruhusa ya kuugua, anakula maharage mezani. Mwalimu alitoka chumbani amevaa viatu vyake vyeusi vya maandamano. Hajawahi kukosa hata moja tangu tuoane. Ramani ilikuwa bado imetandazwa upande wa pili wa meza. Akasimama mbele yake, akauchukua ule uzi mwekundu. Akauweka mpakani kusini, akauvuta chini, akauvuta. Uzi uliisha kabla hajafika. Akatazama huku na huku, akachukua mwingine kwenye kikapu changu, akaunga fundo, akaendelea kuvuta mpaka akafika, na sasa kidole chake kilikuwa kimegusa ukingo wa sahani ya mtoto.

Mwanangu aliisogeza sahani, kumpisha.

Kwa mbali tulisikia spika za gari la matangazo zinaita watu. Mwalimu akaukunja uzi, akaurudisha kikapuni. Akakaa, akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Huendi, Baba?" mwanangu akamuuliza.

"Hiki cha kushoto kinanibana."

"Juzi hakikuwa kinabana," nikasema.

"Leo kinabana."

Nikamwekea sahani, nikampakulia maharage.